Kauli ya Mwisho ni ya Nani? Lugha Asilia na Lugha Unde

Wanafunzi wa sekondari katika Afrika Mashariki hufundishwa mapema kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu ambao jamii ya watu imekubaliana kuutumia kwa ajili ya mawasiliano. Fasili hiyo ina manufaa yake, hasa katika dhana ya unasibu, yaani kwamba hakuna sababu ya kimaumbile inayoifunga sauti ya neno kwenye kitu kinachotajwa, ndiyo maana watu wa mataifa mbalimbali wakamwita mnyama mmoja kwa majina yasiyofanana hata kidogo. Hata hivyo, limo ndani yake jambo ambalo kwa kawaida hupitwa bila kuhojiwa, nalo ni hayo makubaliano yenyewe, kwani hakuna aliyepata kusikia habari za baraza ambamo wakazi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa walikaa kitako wakaafikiana jinsi ya kusema. Ziko lugha nyingine, kinyume chake, ambazo makubaliano yake yana tarehe, yana kitabu na yana mtu aliyeyatia sahihi. Mazungumzo haya yanakusudia kuzitazama lugha za aina hizo mbili, ili ibainike ni kitu gani hasa kinachozitenganisha.

Lugha za aina ya kwanza huitwa lugha asilia, kwa maana ya lugha ambazo zimekua zenyewe katika maisha ya watu, zikirithiwa na watoto kutoka kwa wakubwa wao bila ya kuwapo mtunzi anayejulikana. Za aina ya pili huitwa lugha unde, jina lililotokana na kitenzi kuunda, na wengine huziita lugha za kubuni. Hizi nazo zina makundi yake: zimo zilizokusudiwa kuwaunganisha watu wa mataifa yote, zimo zilizobuniwa na wanafalsafa ili kunyoosha fikra, zimo zilizotungwa kwa ajili ya hadithi na filamu, kama zile ambazo J. R. R. Tolkien aliwatungia viumbe wa riwaya zake, na zimo zile ambazo binadamu huzitumia kuiamuru kompyuta. Wengi hudhani kwamba tofauti ya lugha asilia na lugha unde ni tofauti ya kilichoota chenyewe na kilichoguswa na mkono wa mtu, lakini historia ya lugha hizi haiungi mkono dhana hiyo.

Mfano wa mwanzo unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni ule wa John Wilkins, kasisi na mwanazuoni wa Uingereza aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Royal Society, ambaye mwaka 1668 alichapisha kitabu kikubwa kilichopendekeza lugha ya kifalsafa. Wilkins aliugawa ulimwengu wote katika mafungu 40, akayagawa mafungu hayo katika matabaka, na matabaka katika aina, kisha akaipa kila ngazi herufi zake, hivi kwamba neno lenyewe liwe maelezo ya kitu. Katika mpango huo silabi *de* ilisimamia elementi, *deb* ikawa elementi ya kwanza, yaani moto, na *deba* ikawa sehemu ya moto, yaani mwali. Uzuri wa mpango huo ni kwamba ulikusudia kuuondoa unasibu, na hapohapo ndipo ulipojikwaa, kwa sababu katika lugha ya namna hiyo herufi moja ikikosewa msemaji hujikuta anataja kitu kingine cha tabaka lilelile, na msikilizaji hana njia ya kujua kwamba ulimi umeteleza. Zaidi ya hayo, maarifa ya binadamu yakibadilika msamiati wote hauna budi kubadilika, kwani Wilkins alimweka nyangumi katika kundi la samaki, na aliyejifunza baadaye kwamba nyangumi hunyonyesha kama ng'ombe angelazimika kumpa mnyama huyo jina jipya. Kumbe unasibu, ambao mwanafalsafa aliuona kuwa kasoro, ndio unaoliwezesha neno kudumu wakati ujuzi wa watu juu ya kitu chenyewe unaendelea kukua.

Karne mbili baadaye shabaha ilikuwa nyingine. Johann Martin Schleyer, padri Mkatoliki wa Ujerumani, alianza kuitangaza lugha yake ya Volapük mwaka 1879 kwa lengo la kuwapatanisha walimwengu, na kwa miaka michache ilienea kwa kasi, hata mkutano wake wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1889 ukaendeshwa kwa Volapük yenyewe. Wafuasi walipoanza kudai kwamba sarufi yake irahisishwe, Schleyer alishikilia kwamba yeye, akiwa mtunzi, ndiye mwenye haki ya kuidhinisha mabadiliko yoyote. Chuo kilichoundwa kuisimamia lugha hiyo kilivutana naye, makundi yakagawanyika, kila kundi likatoka na marekebisho yake, na muda si mrefu waliosalia wakisema Volapük wakawa wachache mno. Sarufi ngumu ilichangia, lakini kilichoivunja zaidi ni mgogoro wa kauli ya mwisho, kwa kuwa lugha iliyokwisha kuingia vinywani mwa maelfu ya watu ilitakiwa iendelee kuwa mali ya mtu mmoja.

Wakati huohuo, katika mji wa Białystok, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Dola ya Urusi na leo umo Poland, alikulia kijana wa Kiyahudi aliyeitwa Ludwik Lejzer Zamenhof, akiwashuhudia Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani wakiishi mtaa kwa mtaa huku wakidharauliana. Alisomea udaktari, akawa mtaalamu wa macho, na mwaka 1887 alichapisha mjini Warszawa kijitabu kwa jina la kujificha la Doktoro Esperanto, maana yake daktari mwenye matumaini, na jina hilo likahamia kwenye lugha yenyewe. Sarufi yake ya msingi ilielezwa kwa kanuni 16. Kila nomino huishia na *-o*, kila kivumishi na *-a*, wingi huongezewa *-j*, na yambwa, yaani kile kinachotendwa, huongezewa *-n*. Kutokana na mizizi michache huzalishwa maneno mengi kwa kuambatisha viambishi: neno *malsanulejo*, linalomaanisha hospitali, limejengwa na *mal-* ya kinyume, *san-* ya afya njema, *-ul-* ya mtu mwenye sifa fulani, *-ej-* ya mahali na *-o* ya nomino, hivi kwamba aliyejua vipande hivyo hujua kwamba pametajwa mahali pa watu wasio na afya. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuushangaa ujenzi wa namna hiyo, kwa maana katika umbo moja kama *hawakuandikiana* hukusanya ukanushi, nafsi, wakati, mzizi na kauli mbili za kutendea na kutendana. Ujenzi wa kuunganisha vipande kwa utaratibu, basi, hauwezi kuwa alama ya lugha unde, maana lugha za Kibantu zilikuwa nao kabla ya mtunzi yeyote wa Ulaya kuzaliwa.

Linaloitofautisha Esperanto na Volapük limo zaidi katika uamuzi wa mtunzi wake kuliko katika sarufi. Zamenhof tangu kijitabu cha kwanza alitangaza kwamba anaachia haki zote juu ya lugha hiyo, na mkutano mkuu wa kwanza wa ulimwengu, uliofanyika Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa mwaka 1905, ulithibitisha kwamba lugha haina mwenyewe, na kwamba kitabu cha msingi kiitwacho *Fundamento de Esperanto* ndicho kitakachobaki bila kuguswa. Mtunzi alijiuzulu, kikabaki kitabu, na juu ya kitabu hicho wasemaji wakaachwa huru kujenga. Wapenda marekebisho walijitenga mwaka 1907 na lugha yao ya Ido, lakini wengi walibaki. Walibaki hata katika nyakati za hatari, kwa kuwa Waesperanto wa Umoja wa Kisovieti walikamatwa na kuuawa katika msako wa Stalin wa miaka ya 1937 na 1938, na watoto watatu wa Zamenhof, Adam, Zofia na Lidia, wote waliuawa na Wanazi. Mwezi Agosti 2024 mkutano mkuu wa Esperanto ulifanyika Arusha, ukiwa wa kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika, na wajumbe waliokusanyika hapo waliisema lugha ambayo haina nchi, haina jeshi wala soko lake.

Mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliyaona mambo haya mapema, pengine kwa sababu ndugu yake René alikuwa Mwesperanto mashuhuri. Kwa maoni yake, anayeunda lugha huwa mwenye amri juu yake maadamu haijaanza kutumika, lakini ikishaingia katika matumizi ya watu humponyoka, naye huwa kama kuku aliyeatamia yai la bata. Hoja hiyo imethibitishwa na Esperanto yenyewe. Kwa wasemaji wake limezuka kitenzi *krokodili*, ambacho kwa vipande vyake kingehusu mamba, lakini hutumika kumsuta anayesema lugha ya kwao mbele ya Waesperanto wenzake, na hakuna kanuni hata moja kati ya zile 16 inayoweza kuitoa maana hiyo. Majina ya nchi, ambayo katika kitabu cha msingi yaliishia na *-ujo*, leo kwa wengi huishia na *-io*. Kompyuta zilipoingia, maneno kadhaa yalishindana kwa miaka, hata *komputilo* likashinda, na lilishinda kwa kuwa ndilo lililotumiwa.

Mabadiliko ya kina zaidi yameonekana kwa watoto. Zipo familia, hasa zile ambazo baba na mama walikutana kwa njia ya Esperanto, ambazo huwalea watoto katika lugha hiyo tangu utotoni. Watafiti waliochunguza usemi wa baadhi ya watoto hao wamegundua kwamba kiambishi *-n* cha yambwa, ambacho kitabu cha msingi kimekiweka kuwa lazima, mara kwa mara hudondoshwa, na badala yake mpangilio wa maneno ndio unaoonyesha mtenda na mtendwa. Hakuna mtoto aliyeusoma mswada wa marekebisho akaupigia kura, bali akili yake, kwa kusikiliza na kusema, iliipunguza sarufi ilipoona panapunguzika. Hapo lugha iliyoanzia kitabuni imeanza kuenenda kama zile ambazo hazikuwa na kitabu.

Upande wa pili wa jambo hili umeonekana wazi nchini Nicaragua. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 viziwi wa nchi hiyo hawakuwa na lugha ya alama ya pamoja, kwani wengi wao waliishi majumbani, wakiwasiliana na ndugu zao kwa ishara chache za kifamilia. Shule za watoto viziwi zilipofunguliwa mjini Managua, walimu walikusudia kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, jambo ambalo halikufaulu sana, lakini uwanjani na ndani ya mabasi ya shule watoto walianza kubadilishana ishara zao. Mwaka 1986 mwanaisimu Mmarekani Judy Kegl aliitwa kutazama kinachoendelea, na uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba kila kundi jipya la wadogo liliyapokea yale ya wakubwa na kuyatengenezea sarufi zaidi. Kwa mfano, mtu anayesikia akieleza kwa mikono jinsi kitu kinavyobiringika mteremkoni huuzungusha mkono huku akiushusha kwa mara moja, lakini viziwi waliojiunga baadaye wakiwa wadogo walivitenga vitendo hivyo viwili, wakatoa kwanza alama ya kubiringika na kisha alama ya kushuka, kama sentensi inavyopanga maneno. Hiyo ni lugha asilia kamili, ingawa ni changa kuliko Esperanto kwa karibu miaka 90, na kwa kuwa haina sauti, inaionyesha pia fasili ya shuleni kuwa imefupishwa mno.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Kinubi, kisemwacho Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda, kilitokana na Kiarabu cha wanajeshi waliotoka Sudan ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, ambao asili zao zilikuwa za makabila mengi, na watoto waliozaliwa kambini ndio waliokifanya kuwa lugha ya nyumbani. Umri wa lugha na kuwa kwake na mwanzo unaojulikana, kwa hiyo, havitoshi kuitoa katika hesabu ya lugha asilia.

Kiswahili kinalifanya suala hili liwe gumu zaidi. Hakuna anayetilia shaka kwamba ni lugha asilia, yenye lahaja nyingi za pwani na ushairi wa karne kadhaa, na hata hivyo Kiswahili sanifu kina tarehe na kina kamati. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya lugha ya maeneo manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyokuwa na mamlaka juu ya tahajia na vitabu vya shule, na ambayo kamusi yake ilitoka mwaka 1939. Mmombasa aliyezoea kusema *ndia* alielekezwa kuandika *njia*. Baadaye, mwaka 1967, Tanzania ililiunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na kazi ya kusanifu istilahi ikaendelea. Mkono wa binadamu umo, tena mkono wa ofisi, lakini matokeo hayakuwa lugha unde.

Sababu inaonekana katika yale ambayo ofisi haikuyaweza. Hakuna mtunzi ambaye angepanga kwamba nomino *rafiki* ichukue *yangu* katika umiliki, kisha ichukue *a-* katika kitenzi, ili watu waseme *rafiki yangu amekuja*. Ni masalio ya historia ambayo kila mtoto huyachukua bila kulalamika. Halikadhalika, katika mazungumzo ya kila siku ya Tanzania bara kimeenea kiambishi *-ga* cha mazoea, kama katika *anasemaga*, kinachohusishwa na lugha za Kibantu za bara kama Kisukuma. Mwalimu hukipigia mstari mwekundu kwa haki yake ya kulinda usanifu, lakini hakuna asiyekielewa, na hakuna kamati iliyokileta wala inayoweza kukifukuza. Katika istilahi pia, vitabu vya Kenya vimelipa nafasi neno *tarakilishi* na Tanzania imeshika *kompyuta*, na yote mawili yamepimwa katika mizani ileile ya midomo ya watu.

Hali ni tofauti kabisa katika lugha za kompyuta. Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, na Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, zina msamiati na zina sarufi, ila hazina msikilizaji anayesamehe. Katika Python alama moja ya usawa huweka thamani, na alama mbili zinazofuatana huuliza kama thamani mbili zinalingana, kwa hiyo anayeandika moja mahali pa mbili ndani ya sharti hukataliwa programu yake papo hapo. Aliyesema *watoto anacheza* mbele ya Mswahili ataeleweka, na akikosea pamoja na maelfu ya wengine kwa miaka mingi, kosa huenda likageuka kanuni. Katika lugha ya kompyuta kosa halirithiwi kamwe, na mabadiliko huja kwa tangazo, kama ilivyokuwa mwaka 2008 ambapo toleo la tatu la Python liligeuza matumizi ya amri ya *print*, na programu za zamani zilizoandikwa kwa mtindo wa awali zikawa batili katika toleo hilo. Hiyo ndiyo lugha unde katika hali yake timilifu, kwa kuwa maana yote imo katika waraka, na mtumiaji hana fungu lolote katika kuiamua.

Kinachozitenganisha lugha asilia na lugha unde, basi, ni mahali inapokaa mamlaka ya maana. Pale ambapo kitabu humtangulia msemaji na kumhukumu daima, lugha ni unde hata ikiwa na maneno milioni, na pale ambapo msemaji, hasa mtoto, anaweza kukipita kitabu na jamii ikamfuata, lugha ni asilia au iko njiani kuwa hivyo, hata kama mwanzo wake ulikuwa kijitabu cha daktari wa macho. Ndiyo maana ni sahihi zaidi kulifikiria jambo hili kama mwendo kuliko kama maboma mawili, kwa kuwa Esperanto imesogea kutoka upande mmoja kuelekea wa pili kwa muda wa vizazi vichache.

Mtazamo huo una athari katika kazi za leo. Mabaraza ya lugha na wasanifu wa istilahi wana kazi ya halali na ya lazima, kwani sayansi, sheria na tiba haziwezi kungoja maneno yazuke yenyewe, lakini neno walitoalo ni pendekezo mpaka watu walitumie, na lile ambalo limekataliwa kwa miaka mingi halina sababu ya kuendelea kulazimishwa katika mitihani. Shule za viziwi nazo zina somo la kuchukua, kwamba mtoto hujengewa lugha kwa kukutanishwa na wenzake wanaotumia alama, na ishara zilizobuniwa na watu wanaosikia ili kuiga neno kwa neno lugha ya kusemwa haziwezi kuchukua nafasi ya lugha ya alama ambayo viziwi wenyewe wanaitumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitambua hilo kwa kuifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, ikakiri kwamba lugha ambayo hakuna aliyeitunga ina haki sawa na zile zilizopata kamusi zamani.